Kuvusha miti ya vyunguni kipindi cha kaskazi: majibu ya muuza miche wa Malindi

Kila mwaka, kaskazi ikishavuma wiki mbili tatu, wateja huanza kurudi kitaluni. Hawarudi kununua. Mmoja ana jani kwenye mkoba, mwingine ana picha kwenye simu, na wapo wanaokileta chungu kizima kwa tuktuk, mti umesimama kama fagio. Swali ni lile lile: "Ulikuwa umenawiri hapa kwako, umepatwa na nini?"

Mimi huuza zaidi miti isiyopukutisha majani: mindimu, mikangaja, fikasi, krotoni, mivinje ya kukatwa ikapewa umbo, asumini, na mlangilangi kwa mwenye subira. Watu wakiona mti una kijani mwaka mzima hudhani ni mgumu. Kumbe mgumu ni mkungu. Ukibanwa na ukavu huyamwaga majani yake, ukanyamaza mpaka upate maji. Mndimu hauna ruhusa hiyo. Majani yako pale pale juu, na kila jua likichomoza yanaanza kutoa maji. Ungekuwa ardhini, mizizi ingekwenda kuyatafuta chini ya ukuta wa jirani. Chunguni una ndoo moja ya udongo, basi.

Kwa hiyo mteja akinionyesha jani, mimi huuliza habari za chungu.

Kazi ya vuli

Kaskazi hujikaza Desemba ikaenda hadi Machi. Januari na Februari kwetu mvua ni ya kuhesabu matone. Aprili upepo unageuka, kusi inaingia pamoja na masika, na Mei ndiyo hunyesha kuliko miezi yote. Ukingoja Januari ndipo ushughulike, umechelewa. Mti huandaliwa wakati wa vuli, Oktoba na Novemba, ili mizizi mipya iwe imeshashika kabla ukavu haujafika.

Anza kwa kuutoa mti chunguni. Watu wengi huogopa hapa, kama wanaomvua nguo mgonjwa. Mwagia maji jioni, asubuhi ulaze chungu ubavu, gonga ukingo kwa kiganja pande zote, halafu shika shina karibu na udongo na uvute polepole. Udongo utatoka umbo la chungu. Sasa angalia. Mizizi hai ni myeupe au ina rangi ya majani makavu ya mgomba, na ukiikunja haikatiki ovyo. Iliyokufa ni ya kahawia nyeusi, na ukiivuta kwa vidole viwili ganda linavuka, unabaki na uzi. Harufu nayo inasema: udongo mzima unanuka kama ardhi baada ya mvua, uliooza unanuka kama mtaro.

Ukikuta mizizi imejizungusha kama kamba ya nanga, chukua kisu kikali, kata mistari mitatu minne kutoka juu kwenda chini, kina cha ukucha. Usione huruma. Mizizi isipokatwa itaendelea kuzunguka ndani ya chungu kipya. Na hicho chungu kipya kiwe kikubwa kuliko cha zamani kwa vidole vitatu au vinne tu. Mti mdogo ukiwekwa kwenye pipa, ule udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji hadi ukachacha.

Kuhusu udongo wenyewe: mchanga wa ufukweni usiuchukue. Najua ni bure na uko karibu, lakini una chumvi, na mwingi wake ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa. Mimi huchanganya udongo mwekundu wa upande wa Magarini makarai mawili, mboji iliyoiva karai moja, na usumba karai moja. Usumba ni wa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na lazima uoshwe: uloweke kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, usiku kucha, mwaga, rudia mara mbili tatu, maana makumbi hubeba chumvi yake. Samadi mbichi hapana, hata kama ni ya mbuzi wako mwenyewe. Itachemka mle ndani na kuunguza mizizi.

Kuna desturi ya kujaza kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Haisaidii. Maji hayapendi kushuka kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe. Hubaki juu ya kokoto mpaka udongo ushibe kabisa, na wewe umeshapoteza robo ya chungu. Weka kigae kimoja juu ya tundu ili udongo usitoroke, kisha jaza udongo hadi chini.

Chungu chenyewe

Saa kumi alasiri ya mwezi wa Februari, weka kiganja chako kwenye ubavu wa magharibi wa ndoo nyeusi ya plastiki. Utakiondoa mwenyewe. Sasa fikiria mizizi, ambayo hupenda kukaa ukingoni mwa chungu kuliko katikati. Upande ule huungua kwanza, na mti huanza kukauka matawi ya upande mmoja, mwenye mti akadhani ni ugonjwa au kijicho.

Chungu cha udongo wa kufinyanga hakichemki hivyo kwa sababu kinapumua, maji yanapenya ukutani na kupoza, kama mtungi wa maji ya kunywa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hukauka haraka. Hakuna chungu kisicho na kasoro. Kama una plastiki nyeusi, zipo njia tatu. Kipake chokaa nyeupe nje. Au kiweke ndani ya chungu kikubwa zaidi na ujaze mchanga katikati yake, mchanga ukawa unaloweshwa kidogo. Au vikusanye vyungu vyote pamoja, vigusane mabega, vile vidogo katikati na vikubwa nje, vitiliane kivuli. Hii ya mwisho haigharimu senti, na ndiyo ninayoifanya kitaluni.

Juu ya udongo tandika makumbi yaliyokatwa vipande, au majani makavu, unene wa vidole vitatu. Usiyabane na shina. Acha nafasi ya kidole ili gome lisioze.

Mahali pa kukiweka

Hapa pana jambo ambalo wateja hulisahau, na mimi nililisahau miaka. Malindi iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la mchana husimama upande wa kusini wa nyumba yako. Juni na Julai linakuwa upande wa kaskazini. Baraza lililokuwa na kivuli kizuri ulipoununua mti mwezi wa Julai linaweza kuwa jiko mwezi wa Januari, na wewe hujahamisha kitu.

Ongeza upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Ukificha mti nyuma ya nyumba, upande wa kusini, umeukinga na upepo na umeuweka juani. Ukiupeleka upande wa kaskazini umepata kivuli na umeupa upepo wote usoni. Hakuna ukuta unaotoa vyote viwili. Jawabu langu ni upande wa kusini au kusini-magharibi, lakini chini ya kitu: mwembe, mkilifi, kipande cha makuti kwenye fito nne, au neti ya kivuli. Makuti yasishonwe ya kuzuia mvua; yawe ya kupitisha mwanga wa madoadoa.

Waliojenga karibu na bahari wana adui wa ziada, mvuke wa chumvi. Jani likikaa na chumvi siku nyingi hukauka kuanzia ncha. Osha majani kwa maji baridi jioni, juu na chini, mara moja au mbili kwa wiki. Mvinje hauna habari na hayo, ndiyo maana umeona umepandwa ufuoni. Bugenvilia nayo ivumilie tu. Huchanua vizuri ikipata kiu kidogo, na mteja anayeniambia bugenvilia yake ni majani matupu bila maua, karibu kila mara anainywesha kupita kiasi.

Wateja wangu wa Lamu wana raha na shida yao. Kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya kale kina kuta ndefu, upepo haufiki, chungu hakikauki ovyo. Lakini jua huingia saa chache tu, na mndimu unataka saa sita za jua la kweli ili uzae. Kiwandani wape fikasi, asumini na rihani. Rihani ipate ile kona inayopigwa na jua la asubuhi. Mndimu upande darini, na uukinge upepo kwa ukuta mfupi wa dari.

Maji, ambako ndiko miti hufia

"Nimwagie mara ngapi kwa wiki?" Hili ndilo swali la kwanza la kila mteja, na mimi hukataa kulijibu. Jibu la idadi ndilo linaloua. Mti ule ule utataka maji kila siku ukiwa juani Februari, na mara moja kwa siku nne ukiwa barazani Juni.

Nilichokuwa nikisema zamani ni "tia kidole, kikitoka kikavu mwagia." Bado nasema, lakini kuna bi mkubwa mmoja aliyenifundisha kwamba haitoshi. Alikuja na mkangaja, majani yamejikunja kama sambusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu mti wako umenishinda. Naunywesha kila siku alfajiri nikitoka kuswali, na bado wanikaukia."

Nilikinyanyua chungu. Kilikuwa chepesi kama kapu tupu. Nikachota kata moja ya maji nikamimina juu, nikamwambia tuhesabu pamoja. Hatujafika tano, maji yakatoka tunduni. Yalitoka meupe, safi, kama yalivyoingia. Nikamwonyesha ukingoni: udongo ulikuwa umejikusanya katikati ukaachana na ukuta wa chungu, penseli ingepita. Udongo wenye mboji na usumba ukikauka kabisa husinyaa na kuyakataa maji. Kila alfajiri alikuwa akimwaga maji, yakateremka kwenye ule ufa, yakatoka chini, na yeye akiona sahani imejaa anaamini mti umeshiba. Kidole hakikumwonya, kwa sababu juu palikuwa na unyevu.

Tuliweka chungu kizima ndani ya beseni, maji yakafika karibu na ukingo. Mapovu yakaanza kupanda, makubwa, kama sufuria inayotaka kuchemka. Tukanywa kahawa. Baada ya nusu saa mapovu yalikwisha, nikamwomba anyanyue mwenyewe. Hakuweza kwa mkono mmoja. "Ee! Kumbe alikuwa na njaa," akasema.

Basi pima kwa uzito. Mwagia mti wako vizuri, uache utiririke, kisha unyanyue chungu na ukumbuke uzito ule. Nyanyua tena kesho na kesho kutwa. Baada ya wiki mkono utajua. Chungu kizito kisichonyanyulika kisukume kwa mguu, utahisi tofauti. Ukimwagia, mwagia mpaka maji yatoke chini kwa wingi, pumzika dakika kumi, rudia. Sahani imwage, mti usilale umesimama majini. Wakati mzuri ni alfajiri. Jioni si vibaya. Adhuhuri usimwagie labda mti umezirai, na hata hapo uhamishe kivulini kwanza.

Mimi mwenyewe somo la kaskazi nililipata kwa gharama. Mwaka wangu wa pili kitaluni nilialikwa harusi Lamu, nikakaa siku nne badala ya mbili, maana harusi ya Lamu haikuachii. Kijana niliyemwachia kazi alikuwa mwaminifu, alinyunyiza kwa mpira kila siku saa saba mchana, majani yakameremeta. Udongo haukupata kitu. Niliporudi nilikuta mindimu kumi na minne imekauka ikiwa na majani yote juu, ya kijani kibichi bado, yakikatika mkononi kama papadi. Mti usiopukutisha unaweza kufa na usibadilike rangi kwa siku kadhaa. Kijana sikumlaumu. Sikuwa nimemwambia amwagie nini, nilimwambia "maua yasikose maji."

Sasa chumvi ya kisimani. Visima vya mjini vingi vina maji ya chumvi, na ukavu ukiendelea huzidi, maji baridi ya chini yakipungua ya bahari husogea. Yaonje. Ukiyasikia chumvi ulimini, mndimu umeshayasikia zamani. Dalili zake ni ncha na kingo za majani ya chini kuungua kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo au ubavuni mwa chungu. Yakiwepo ya mfereji au ya mvua, yaweke kwa ajili ya michungwa na asumini, na yale ya kisima yape mivinje, minazi na bugenvilia. Kama huna ila ya kisima, fanya mambo mawili: usiache udongo ukauke kabisa, kwa kuwa maji yakiondoka chumvi hubaki na kuwa kali zaidi, na mara moja kwa mwezi mimina maji mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, ili yaisombe chumvi itoke chini. Mvua ya vuli ikinyesha, kinga maji ya bati kwenye pipa. Tupa yale ya mwanzo, ndiyo yaliyoosha vumbi na chumvi ya paa.

Manjano na manjano

Jani la manjano si ugonjwa mmoja. Angalia ni lipi. Yakiwa ni ya chini, ya zamani, yamefifia yote pamoja na mishipa, mti una njaa au mizizi imejaa maji. Yakiwa ni machanga ya juu, manjano lakini mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo ni chokaa. Udongo wetu wa matumbawe na maji ya visima vyake huifunga madini ya chuma, mti ukashindwa kuinywa hata ikiwepo tele. Kuzika misumari chunguni hakusaidii, ingawa kila mtu ana jirani aliyefanya hivyo. Badilisha udongo, acha maji ya kisima, na ukipata dawa ya madini ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa duka la kilimo, tumia kwa kipimo cha kwenye pakiti.

Mbolea isimamishe kuanzia katikati ya Desemba. Mti wenye kiu ukipewa mbolea ya dukani unazidi kuungua, maana nayo ni chumvi. Rudisha masika yakianza. Vivyo hivyo kukata matawi: kila kidonda kitaotesha majani mateke, na majani mateke ndiyo yanayokunywa kuliko yote.

Ukavu huleta utitiri. Ni wadudu wadogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa, wako chini ya jani, na jani huwa kama limepigwa vumbi. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, lipige, uangalie: vumbi likitembea ni utitiri. Osha chini ya majani kwa nguvu ya maji, rudia kila siku tatu kwa wiki mbili. Ukitaka dawa, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na harufu kali kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, jaribu kwanza kwenye jani moja ungoje siku. Kama unaona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, tafuta vidugamba. Sisimizi hufuata utamu wao. Vikwangue kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye maji hayo hayo ya sabuni.

"Mbona kwako ulikuwa mzuri?"

Kwa sababu kwangu ulikuwa chini ya neti, umezungukwa na wenzake mia, unamwagiwa na mtu asiye na kazi nyingine. Siku uliyouchukua uliutoa kijijini ukaupeleka jangwani. Mti mpya uzoeze: siku tatu kivulini kabisa, kisha jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kisha saa mbili, ongeza polepole kwa wiki mbili. Ukinunua Januari ongeza ziwe tatu. Mimi husema wazi, mwenye haraka anunue Aprili, na kwa kusema hivyo nimepoteza mauzo mengi ya sikukuu za Desemba.

Na usafiri. Mti ukibebwa juu ya bodaboda kutoka kitaluni hadi Shella ya Malindi umepigwa na upepo kuliko siku nzima ya kaskazi. Ufunge kwa leso iliyoloweshwa kidogo, majani yote ndani. Kwa Lamu ni zaidi: basi hadi Mokowe, kisha boti, na boti hurusha maji. Funika kwa gunia mpaka ukafike forodhani, na ukifika osha majani kabla hata ya kuuonyesha watu.

Wapo wanaotoka bara na miche ya mwangati, wanataka niwatunzie chunguni. Mwangati ni mti wa nyanda za juu, umezoea usiku wa baridi. Hapa utakaa kukuridhisha mwaka, kisha utaanza kukauka kuanzia ndani. Panda mvinje, umbo linakaribiana na utakuzika.

Swali la Munich

Mama mmoja ana binti Munich, Ujerumani. Binti kaweka msonobari mfupi chunguni mlangoni pa nyumba, na kila majira ya baridi yakiisha umegeuka kahawia upande mmoja. "Baridi imeuua?" akaniuliza, kana kwamba nimewahi kuona theluji. Sijaiona, lakini jambo hili nalijua, na lilinishangaza nilipolielewa: kule nako miti ya chunguni hufa kwa kiu. Udongo wa chunguni ukiganda, maji yamo ila ni barafu, mizizi haiwezi kuyanywa. Juu, jua la baridi na upepo mkavu vinaendelea kuyakausha majani. Ule upande wa kahawia ndio unaotazama jua au upepo.

Pia mizizi ni minyonge kuliko matawi mbele ya baridi. Ardhini hukingwa na joto la udongo, chunguni baridi inaingia pande zote. Kwa hiyo maelekezo niliyompa yalikuwa haya. Achague mti unaostahimili baridi kali kuliko ile ya mji wake. Aache kuupa mbolea kuanzia mwisho wa kiangazi chao. Auendeleze maji vuli yote hadi udongo ugande, na siku barafu ikiyeyuka katikati ya majira aumwagie tena. Chungu akisogeze ukutani, upande wa mashariki au kaskazini wa nyumba, mbali na jua la alasiri, akizungushie magunia au majani makavu, na avikusanye vyungu pamoja, kama sisi. Chungu cha kufinyanga kitapasuka, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Bora plastiki au mbao. Akitaka kuuingiza ndani, aupeleke banda la gari lisilo na moto, si sebuleni. Sebule yao ya nyuzi 20 yenye hewa kavu itaudanganya mti kwamba baridi imekwisha.

Waitaliano wa Malindi swali hili hawaniulizi. Kwao milimau hukaa kwenye vyungu vikubwa ikaingizwa nyumba maalumu yenye madirisha makubwa kabla ya baridi, na kutolewa baridi ikipita. Ile ya bustani ya Boboli, Florence, ilijengwa 1777 na 1778, na milimau huingizwa mle hadi leo.

Upepo ukigeuka

Aprili, wingu la kwanza likionekana, usikimbilie kuondoa makuti. Ngoja mvua zipige mara tatu nne. Ondoa kwanza matandazo ya juu, yaliyokaa kavu miezi yote, ili tope na konokono wasifanye makao. Kagua tundu la chini kwa kijiti, mara nyingi mizizi imelifunga. Toa sahani zote kabisa mpaka Julai. Kisha geuza mpangilio: kusi inatoka kusini-mashariki, na jua limeelekea kaskazini, hivyo vyungu vyako vihamie upande wa pili wa nyumba. Fanya hivyo jioni, chungu kikiwa kikavu, kabla hujamwagia. Kikiwa na maji kitakuvunja mgongo.